Bei ya Kumwogesha Bibi

Mwaka 1963 daktari wa Marekani aitwaye Sidney Katz na wenzake walichapisha orodha ya mambo sita ambayo mtu mzima hujifanyia mwenyewe kila siku: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani, kuzuia haja, na kula. Walikuwa wakiwafuatilia wazee wagonjwa, wakitafuta kipimo kitakachomwambia daktari kwa maneno machache mzee huyu anaweza nini na hawezi nini. Wakaona jambo la ziada. Wagonjwa waliokuwa wanapata nafuu walirudiwa na uwezo huo kwa mpangilio unaofanana na wa mtoto anapokua: kula hutangulia, kuoga huja mwisho.

Kiswahili kinalijua jambo hilo kwa njia yake. Tunalea mtoto, tunalea mzee. Kitenzi ni kilekile. Tofauti ni kwamba mtoto huwa mwepesi zaidi kwa mlezi wake kila mwaka, na mzee huwa mzito zaidi. Ipo tofauti ya pili, nayo ndiyo iliyonifanya niandike. Gharama ya kulea mtoto kila mtu anajua ni ya nani, hata anayeikimbia anajua. Gharama ya kulea mzee haina mwenyewe mpaka siku itakapomwangukia mtu.

Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili katika falsafa, na tasnifu yangu inahusu wajibu wa watoto kwa wazazi wao. Mada hiyo sikuiokota maktabani. Bibi yangu mzaa mama yuko Tanga, na tangu alipopata kiharusi, karibu miaka mitatu sasa, upande wake wa kushoto haufanyi kazi. Katika orodha ya Katz amebakiwa na jambo moja tu, kula, na hata hilo mpaka akatiwe nyama vipande vidogo. Mama Mdogo, kitinda mimba wao, yuko Pennsylvania, Marekani, na kazi yake kule ni kuogesha wazee wa watu wengine. Kwa hiyo familia yetu inaifahamu kazi hii kutoka pande mbili. Kule ina bei iliyoandikwa. Huku haina bei, na wengi wetu tunaichukulia hali hiyo kuwa ushahidi wa upendo. Nina shaka na ushahidi huo, na nitajaribu kueleza kwa nini.

Nianze na kule kwenye bei.

Makao anayofanyia kazi Mama Mdogo si hospitali. Ni aina ya makao yaliyoshika kasi Marekani kuanzia miaka ya 1980, kwa ajili ya mzee aliye katikati: hawezi tena kuishi peke yake salama, lakini hahitaji muuguzi wa saa 24. Mmoja wa waanzilishi wake ni Keren Brown Wilson. Mama yake alipata kiharusi akiwa na umri wa miaka 55, akaishia kwenye nyumba za uuguzi ambako mgonjwa hana hata mlango wake, na akamwomba binti yake afanye kitu kwa ajili ya watu kama yeye. Mwaka 1983 Wilson alifungua Park Place mjini Portland, Oregon. Mzee alikuwa na chumba chake, jiko dogo, samani zake mwenyewe, na mlango ambao angeweza kuufunga kwa ufunguo. Sisi tunaopenda kusema kwamba Wamarekani huwatupa wazazi wao tungefaa kujua kwamba wazo hilo lilianzia kati ya mama na bintiye.

Bili ya makao kama hayo kwa kawaida ina sehemu mbili. Ya kwanza ni chumba, chakula, usafi na kufuliwa nguo. Ya pili ni msaada wa mwili, na hapo ndipo ile orodha ya mambo sita inapogeuka kuwa orodha ya bei. Kabla mzee hajahamia, mtu huja kumpima. Anaoga mwenyewe? Anahitaji mtu mmoja wa kumwinua au wawili? Anakumbuka dawa zake? Kila jibu humsogeza kwenye daraja fulani la malipo, na malipo hupanda kadiri mwili unavyoshuka. Kwa mujibu wa uchunguzi wa bei wa kampuni ya Genworth, mwaka 2023 bei ya kati kwa nchi nzima ilikuwa dola 64,200 kwa mwaka, yaani nusu ya makao yalitoza zaidi ya hapo. Mwaka 2024 ilifika dola 70,800. Chukua ile ya 2023 uigeuze kuwa pesa yetu: ni zaidi ya shilingi milioni 13 kwa mwezi, kwa mzee mmoja.

Mtu wa kwetu akisikia hivyo huuliza: serikali yao tajiri si inalipa? Kwa sehemu kubwa hailipi. Medicare, bima ya afya ya wazee iliyotokana na sheria aliyoisaini Rais Lyndon Johnson mwaka 1965, hulipia hospitali na madaktari, na baada ya kulazwa inaweza kulipia uuguzi wa kitaalamu kwa siku zisizozidi 100. Mzee akihitaji tu kuogeshwa na kuvishwa, hilo si ugonjwa machoni pake. Medicaid, mpango wa maskini ulioanzishwa kwa sheria hiyohiyo, hauruhusiwi kulipia chumba na chakula katika makao haya, ingawa majimbo mengi hulipia sehemu ya msaada wa mwili. Na ili mzee asiye na mwenzi akubaliwe, katika majimbo mengi akiba yake isizidi dola 2,000 hivi. Akiwa amegawa mali kwa watoto katika miaka mitano iliyopita, wataiuliza. Akifa, jimbo linatakiwa kujaribu kurudisha fedha zake kutoka kwenye urithi.

Anayebaki kulipa, basi, ni mzee mwenyewe. Hulipa kwa pensheni, kisha kwa akiba, kisha kwa kuuza nyumba, mpaka awe maskini wa kutosha kusaidiwa kama maskini. Mzee mmoja alimwambia Mama Mdogo, kwa utani, kwamba sebule ameshaimaliza, sasa anakula jiko.

Nusu ya pili ya hesabu hiyo ni Mama Mdogo mwenyewe. Mwaka 2023, mshahara wa kati wa wahudumu wa kazi hii nchini Marekani ulikuwa dola 33,530 kwa mwaka, kwa takwimu za serikali yao. Linganisha na ile bei ya mwaka huohuo. Mhudumu angehitaji mshahara wake wote wa karibu miaka miwili, bila kula wala kulipa kodi ya nyumba, ili kununua mwaka mmoja katika kitanda anachokitandika kila asubuhi. Kutoka kwenye mshahara wa namna hiyo Mama Mdogo hutuma dola 200 kila mwezi kwa ajili ya mama yake aliyeko Tanga, ambaye yeye mwenyewe hawezi kumwogesha. Mwanasosholojia Arlie Hochschild aliupa uhusiano wa aina hii jina la mnyororo wa malezi wa dunia: mwanamke analipwa kulea kwa wengine, na nyuma yake mwanamke mwingine analea kwake, kwa malipo madogo zaidi au bila malipo.

Huku kwetu, mwisho wa mnyororo huo, yuko Dada.

Dada ni mtoto wa Mama Mkubwa. Bibi alipougua, alikuwa na miaka 22, amemaliza kidato cha sita, na alikuwa amepata nafasi katika chuo cha ualimu. Mama Mkubwa ana miguu inayovimba na hawezi kuinua mtu. Mama yangu ni mwalimu wa shule ya msingi katika mkoa mwingine. Mjomba yuko Dar es Salaam na biashara yake. Katika kikao cha familia Mjomba alisema maneno ambayo kila mtu aliyaitikia: sisi hatuna mila ya kupeleka wazazi kwenye makazi ya wazee, mama yetu atatunzwa nyumbani kwake na damu yake. Kikao kikafungwa kwa dua. Hakuna aliyemwambia Dada asiende chuo. Hakuna aliyemuuliza pia.

Sisemi haya kumdharau Mjomba. Ndiye aliyejenga choo cha ndani na kununua kitanda cha kuinuka upande wa kichwa. Mama yangu hutuma chochote anachobakiza. Pampasi za wakubwa, ambazo hula fedha nyingi kuliko dawa, hazijawahi kukosekana. Lakini nilipokaa Tanga wiki tatu wakati wa likizo, nikaweka daftari. Kwa siku saba niliandika kila kazi na muda wake: kumgeuza Bibi usiku kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulala, kumwogesha, kumbadilisha, kufua, kumpikia uji na kumlisha, dawa, mazoezi ya mkono na mguu, kumtoa barazani jioni aone watu. Kazi ya mikono peke yake, bila kuhesabu kulala chumba kimoja naye kwa sikio moja, ilifika saa 61 kwa wiki. Kule Pennsylvania, Mama Mdogo akipita saa 40 hulipwa mara moja na nusu kwa kila saa inayozidi. Dada hana saa za kawaida ambazo nyingine zitazidi juu yake.

Na mimi? Bibi huniita “mume wangu”, kwa utani wetu wa siku zote, na nikiingia huuliza nimemletea nini mke wake. Ninamwinua, ninachota maji, ninasukuma kiti cha magurudumu. Ikifika saa ya kuoga, mlango unafungwa na mume anabaki nje na ndoo tupu. Ni heshima, wala siitaki ivunjwe. Lakini heshima hiyo ina hesabu yake: kila mlango unaofungwa mbele ya mwanamume unamwachia kazi mwanamke aliyebaki ndani.

Sasa nirudi kwenye falsafa, maana ndiyo ninayolipiwa ada niisome.

Swali la kawaida ni hili: watoto wanadaiwa nini na wazazi wao? Jibu tulilokulia nalo ni la deni. Amekubeba, amekunyonyesha, amekusomesha. Ni zamu yako. Sheria za kale za Uingereza zilifikiri hivyohivyo. Sheria ya Maskini ya mwaka 1601 iliwalazimisha watoto wenye uwezo kuwatunza wazazi maskini. Uingereza iliachana na mfumo huo mwaka 1948, lakini mizizi yake bado imo katika baadhi ya majimbo ya Marekani, Pennsylvania ikiwemo. Katika kesi ya Pittas ya mwaka 2012, mahakama ya rufaa ya jimbo hilo ilikubali kwamba mtoto alipe takriban dola 93,000 za nyumba ya uuguzi alikotunzwa mama yake. Kwa hiyo wale tunaowaona kuwa hawana mila ya kutunza wazazi wanayo, na inaweza kukufikia kwa barua ya wakili.

Mwanafalsafa Jane English, katika makala iliyochapishwa mwaka 1979, alilikataa wazo la deni. Deni, alisema, huzaliwa pale mtu anapokukopesha au kukufanyia fadhila uliyoiomba. Mzazi na mtoto hawako hivyo. Wanachofanyiana hutoka kwenye upendo unaofanana na urafiki, na wajibu hudumu kadiri urafiki unavyodumu. Upo ukweli hapo. Deni lina kiasi na lina mwisho. Ndiyo maana tunasema dawa ya deni ni kulipa. Hakuna siku Dada atamaliza kulipa maziwa aliyonyonya mama yake, ambayo hata hakunyonya yeye. Lakini jibu la urafiki nalo haliingii chumbani kwa Bibi. Saa nane za usiku, shuka limelowa, anayeinuka haongozwi na urafiki. Anainuka kwa sababu mtu mzima amelala kwenye maji na hakuna mwingine ndani ya nyumba.

Nadhani pande zote mbili zinalisoma daftari kwenye ukurasa usio wake. Zinatafuta deni kati ya mtoto na mzazi, zikibishana kama lipo au halipo. Deni lililo wazi, lenye saa na tarehe, liko kati ya wale wasioogesha na yule anayeogesha. Hata kama simdai mzazi wangu na yeye hanidai, mwili wake unahitaji saa 61 kwa wiki, na saa hizo zinatoka kwenye maisha ya mtu. Kama zinatoka kwako, mimi niliye mjukuu kama wewe nimesomea shahada mbili kwa sehemu ya muda wako. Huo ni mkopo. Kwamba hukuandika mahali haukuwi zawadi.

Zawadi ni kitu ambacho ungeweza kutokitoa. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini. Mjomba anaweza kutotuma fedha mwezi huu, na tutamsikitikia kwa biashara mbaya. Mimi ninaweza kurudi chuoni. Dada akisema kesho haamki, ataitwa mtoto asiye na utu. Anachokitoa tunakiita upendo kwa sababu hatujawahi kumpa nafasi ya kukataa, na pengine upendo upo kweli, lakini sisi hatuna haki ya kuutumia kama risiti.

Eva Feder Kittay, mwanafalsafa ambaye pia ni mama wa binti mwenye ulemavu mkubwa, ameandika kwamba anayemlea tegemezi huwa yeye mwenyewe hatarini, kwa kuwa muda na nguvu zake zimehamia kwa mwingine, na kwamba haki inaanza pale mtu wa tatu anapomlea mlezi. Kwetu tumejali nusu tu ya jambo hilo. Ukilihesabu vizuri utaona kila shilingi iliyotumwa Tanga ilinunua kitu cha Bibi. Hakuna iliyonunua saa hata moja ya Dada.

Najua pingamizi, maana nimeambiwa usoni. Desemba tulifanya kikao kwa simu ya video, Mama Mdogo akiwa kwenye mapumziko ya zamu yake, na nikasoma daftari lote. Mjomba alinyamaza, kisha akasema, “Umesoma mpaka unampigia bibi yako hesabu?” Ni pingamizi zito kuliko linavyosikika. Ukiweka bei kwenye kuogesha, unahofia kwamba Bibi atageuka mteja na Dada kibarua. Kwamba ile hali ya mtu kuoshwa na mkono aliowahi kuubeba mgongoni itakuwa huduma kama ya saluni. Kule Marekani hofu hiyo si ya kubuni. Mama Mdogo ana dakika zake kwa kila chumba, na mzee anayetaka kusimulia habari za marehemu mumewe analazimika kuzisimulia haraka.

Lakini fikiria upande wa Bibi. Usiku mmoja, akidhani nimelala, nilimsikia akimwambia Dada, “Nakumaliza mwanangu.” Dada akamjibu, “Geuka, Bibi.” Kule mzee anakula nyumba yake, chumba baada ya chumba. Huku anakula miaka ya mjukuu wake, naye anajua. Sisi tunaosema hatuweki bei kwenye upendo tumemwachia mgonjwa aishi na bei hiyo peke yake, aione kila asubuhi kwenye macho ya mtu aliyekosa usingizi. Kugawana gharama kunamwondolea Dada mzigo, na kunamwondolea Bibi aibu ambayo hakuichuma.

Tulipomuuliza Dada anataka nini, ilikuwa mara ya kwanza katika kikao chochote. Nilitegemea ataje kiasi. Alitaja vitu viwili: siku mbili kila wiki ambazo si zake na Bibi, na tarehe. “Nipeni mwezi,” alisema. “Mwezi nitakaoondoka kwenda chuo, hata kama ni mbali. Mkishautaja nitajua nahesabu nini.”

Tulitaja Oktoba. Mjomba na Mama Mdogo wanamlipa mama mmoja jirani, mjane, mwenye mikono hodari, aje siku mbili kwa sasa na siku sita kuanzia Oktoba. Mjomba aliutaka mshahara uanzie chini, “tuone kwanza”. Mama Mdogo, ambaye anaijua kazi hii kwa mgongo wake, alikataa. Alisema kama tunamtoa Dada kwenye shimo ili tumtumbukize mama wa watu, basi tuache tu. Wakakubaliana kiasi kinachomzidi kidogo msichana wa kazi wa Dar es Salaam, na mapumziko yaliyoandikwa. Mama Mkubwa alilia kwamba mama yake ataogeshwa na mtu baki. Bibi, alipoulizwa, alisema jirani huyo ana maneno mengi, lakini maji yake huwa ya uvuguvugu sawasawa.

Silisimulii hili kama suluhisho. Familia yetu ina mtu mwenye dola, mtu mwenye duka na mtu mwenye mshahara wa ualimu. Kuna nyumba mtaani kwetu ambako mzee ana mtoto mmoja, naye ni dereva wa bodaboda. Huko ukigawa gharama kati ya ndugu unagawa kwa moja. Ndiyo maana wale wasioogesha ni wengi kuliko ndugu. Wamo humo majirani, waajiri, na sisi raia wote ambao uchumi wetu unatembea kwa sababu mtu fulani amebaki nyumbani. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliiweka familia kuwa nguzo ya matunzo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 57, inasema wazee wana haki ya matunzo kutoka kwa familia na kwa Serikali, ikizitaja zote mbili katika sentensi moja. Zanzibar, ambayo kwa miaka mingi imekuwa na makazi ya wazee ya Sebleni na Welezo, ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mkazi aliyefikisha miaka 70 pensheni ambayo wakati huo ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Ilikuwa fedha ndogo. Lakini inamfikia mzee kwa sababu ni mzee, bila kumtaka kwanza athibitishe kwamba watoto wake wamemshinda.

Wengine wamekwenda mbali zaidi. Ujerumani ilianzisha bima ya matunzo mwaka 1995, Japani mwaka 2000, ambako kila mtu huanza kuchangia akifika miaka 40, akiwa bado anaoga mwenyewe. Tangu 2020, Mjerumani hadaiwi gharama za mzazi wake na ofisi ya ustawi isipokuwa kipato chake kinazidi euro 100,000 kwa mwaka. Watu hawa hawajaacha kuwapenda mama zao. Wamekubaliana tu kwamba jambo litakalompata karibu kila mtu lisisubiri kumwangukia mmoja.

Siku moja nasi tutabishana bungeni kuhusu bima ya namna hiyo, na natumaini nitakuwa bado na nguvu za kubishana. Mpaka hapo, bunge tulilonalo ni kikao cha familia, na grupu la simu lenye jina kama “Ukoo Wetu”. Huko ndiko bajeti hupitishwa. Ukialikwa kwenye kikao kijacho, kabla hamjaulizana kila mtu atachanga kiasi gani, mtajeni kwa jina yule anayeogesha, kisha mwacheni aongee wa kwanza.